Pedali Inayovuma Katoro Tu

Shangazi Zakia alinipa nusu saa.

"Nusu saa tu, Amira," alisema, vidole vyake vimejaa kitunguu. "Kamalize hizo redio za watu, urudi uoge. Wazee wa Shinyanga wanaingia baada ya alasiri, sitaki wakukute unanuka risasi ya kuchomelea."

"Hawaji kuninusa, shangazi."

"Wee! Hebu nitokee hapa. Na huo mdomo ukaufungie huko huko dukani. Leo kazi yako ni moja, kunyamaza. Baba yako atakuja chumbani, atakuuliza kama umeridhia, wewe utatazama mkeka. Ukinyamaza, umekubali. Ni jambo la dakika moja."

Dakika moja, halafu maisha yote na Ibrahimu. Sina ubaya naye jamani. Ni mtu wa heshima, ana duka la bati pale Shinyanga mjini, nimemwona mara mbili na mara zote mbili aliniuliza kama nimekula. Ndiyo hayo tu ninayoyajua. Tangu barua yake ya posa iletwe nilikuwa situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kushika, nikishika nasahau nilikuwa nataka kukifanyia nini. Nyumba nzima ilinukia pilau.

Duka letu liko mbele, linatazama barabara ya kwenda Ushirombo. Nyumba iko nyuma, katikati kuna ua. Baba yangu, Mzee Nuruddin, anauza sola, betri na spika. Mimi ndiye fundi. Nilijifunza kwa kuharibu redio zake tangu niko darasa la nne. Akanichapa, akachoka kunichapa, mwisho akaninunulia mita ya kupimia umeme. Nyuma ya maduka kuna makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu. Yanaanza asubuhi na hayanyamazi mpaka jua lizame. Sisi wenyeji wala hatuyasikii tena.

Nilikuwa nimeinamia redio ya mteja, hata skrubu moja sijafungua, mtu akasema, "Fundi, habari za mchana?"

Sikuinua kichwa. Sauti ile ningeijua hata katikati ya mnada wa ng'ombe.

"Nzuri. Tumefunga."

"Mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi, fundi amefunga."

Zamoyoni akaingia hivyo hivyo. Gitaa mgongoni, kwenye ule mfuko wake wa turubai, na mkononi kisanduku chekundu cha chuma. Wiki tatu sijamtia machoni, nasikia tu amerudi kwao. Alikuwa amekonda kidogo, na nilimchukia kwa sababu kukonda kulimpendeza.

Huyu ndiye mwanaume niliyempenda, acha niseme wazi. Kwao ni Tinde, alikuja Katoro kufanya kazi karashani, na kila jioni akitoka kazini alikuwa anapita dukani kwetu kuulizia waya ambao hakuuhitaji. Mwaka mzima alinunua waya. Kazi anayoipenda ni gitaa, ila muziki wake hauna ngoma wala maneno. Anagusa uzi mmoja, anauacha utembee, anangoja, anagusa mwingine. Kuna watu wa mbali wanamsikiliza mtandaoni. Baba aliusikiliza mara moja akauita muziki wa jokofu. "Kusali anasali," alisema, "lakini mtu anayepiga kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, nyumba ataianzia wapi?"

"Kina nini hicho?" nikamuuliza, kwa sababu fundi akiona kifaa hajizuii.

"Ni pedali mpya ya gitaa. Inavuma. Mmmmm, muda wote. Tena inapiga tik tik tik, halafu inakata. Kesho nasafiri kwenda Mwanza, Jumamosi napiga ukumbini, watu wamealikwa. Nitawapigia mvumo?"

"Si ndiyo muziki wako?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Wiki tatu nilimpigia simu hapokei, leo ananichekea kana kwamba tuliachana jana.

Nikavuta kiti. Akaunganisha gitaa kwenye pedali, pedali kwenye spika ya dukani, akanieleza. Ukipiga uzi, kile kisanduku kinaiweka ile sauti kwa sekunde chache, kisha kinaisaga kuwa punje ndogo ndogo. Halafu kinazirudisha zikiwa zimechanganyika, nyingine mbele, nyingine kinyumenyume, nyingine nyembamba, mpaka uzi mmoja unakuwa kama mvua inayoanza kwenye bati.

"Karasha," nikasema.

"Enhe! Karasha la sauti. Kitufe hiki ni ukubwa wa punje. Hiki ni wingi wake. Hiki kinachanganya sauti yenyewe na iliyosagwa. Hiki cha chini unakanyaga kwa mguu, kinagandisha. Sauti iliyoko ndani inashikiliwa, haitoki."

"Haitoki mpaka lini?"

"Mpaka uiachie."

Alinitazama aliposema hivyo, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi.

Akagusa uzi. Loh! Badala ya mvua ya kwenye bati ikatoka vurugu. Ule mvumo nao ulisagwa, ukamwagika juu ya gitaa, taa ya pedali inawaka na kufifia kama inasinzia. Nikaizima pedali, sauti ya gitaa ikapita safi kiasi. Nikaiwasha, vurugu. Nikaugeuza ule mkono wa kuchajia, adapta aliyokuja nayo, nikasoma maandishi yake.

"Umeutoa wapi?"

"Wa redio ya mama."

"Volti ni zilezile tisa, lakini nguvu ni ndogo. Kisanduku hiki soma hapa nyuma, kinataka mara tano ya hii. Umempa ng'ombe jembe la mbuzi."

"Mbuzi ana jembe?"

"Zamoyoni, sina muda!"

Nikachukua mkono mwingine rafuni. Nikapima kwanza, maana pedali hizi hasi ndiyo iko katikati ya plagi, na redio nyingi ni kinyume chake; ukichomeka bila kupima umeua kifaa cha mtu. Taa ikatulia. Ile tik tik ikaisha, haikati tena. Ila mvumo ulikuwa palepale, mmmmm, mnene, wa kukera mpaka kwenye meno.

"Huenda ni gitaa linaunasa," nikasema. Nikachomoa waya wa gitaa, nikachomeka kipaza sauti cha baba cha matangazo.

"Sema kitu," Zamoyoni akaniambia.

Nikakileta kipaza mdomoni. Wallahi sijui kilichonipata. Mtu ambaye shangazi yake anamwomba afunge mdomo tangu alfajiri, nikakosa neno. Alikuwa karibu, naona hadi kovu dogo la jiwe kwenye nyusi yake. Spika ikavuma tu.

"Unaona?" akasema taratibu. "Hata kwa mashine unanyamaza."

"Una maana gani?"

"Hamna."

"Usinianze kisha uniache njiani. Una maana gani?"

Akakichukua kipaza mkononi mwangu, akakiweka mezani. "Ndivyo ulivyomfanyia mama."

"Mama yako nimemfanya nini mimi?"

"Amira, mama ametoka Tinde, amepanda magari mawili, amekuja mpaka hapa uani kwenu. Akakukuta unafua. Akakuuliza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, unamtaka kijana wangu? Ukainamisha kichwa. Ukanyamaza."

"Ndiyo! Nilinyamaza!"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi umenikataa. Ulitaka nifanye nini, nikae hapa ninunue waya?"

Siku ile niliikumbuka yote. Mama yake, Mama Mbuke, na khanga zake mbili, ananisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa sauti ya chini, anakataa kiti, anakaa kwenye ndoo niliyoifunika. Mama yangu alikuwa sokoni. Mama Mbuke aliponiuliza, mapovu yalinikauka mikononi. Nilitazama beseni mpaka shingo ikauma. Moyoni nilikuwa naruka. Nilisema, leo nimepata mama mkwe, acha aone nilivyo na adabu.

"Zamoyoni," nikasema, "kwetu mtoto wa kike akiulizwa na mkubwa jambo kama hilo, akinyamaza amekubali. Kichaa gani anamjibu mama wa watu, 'ndiyo, namtaka mwanao,' huku anafua shuka?"

Akanitazama kama nimesema Kichina.

"Kwetu akinyamaza amekataa," akasema. "Akitaka anacheka. Anakwambia kamuulize baba. Anakukimbilia hata maji ya kunywa, chochote! Akitazama chini kimya, amekataa kwa heshima. Mama alirudi analia, Amira. Akaniambia, mwanangu, yule binti ana malezi, hata kukataa amekukataa vizuri."

Nikataka kucheka na kulia, vyote vikaja pamoja, nikabaki nakohoa. Wiki tatu! Wiki tatu nalala na simu kifuani, naamka kuangalia kama kuna ujumbe. Nilijiambia kwamba mama yake hakunipenda, kwamba sikusugua ua vizuri, kwamba amempata msichana wa Kisukuma anayejua kukama. Na muda wote huo na yeye kajilaza Tinde anasaga sauti.

"Ungepokea simu!" nikampigia kelele.

"Nipokee niambiwe mara ya pili?"

"Ungeniuliza wewe mwenyewe!"

"Na wewe ungejibu nini? Ungetazama beseni?"

Nikampiga begani na ule mkono mbovu wa kuchajia. Hakujikinga.

"Na leo umefuata nini hapa?"

"Si pedali?"

Hapo akili ya ufundi ikanirudia, tena ikarudi na hasira. "Hebu subiri. Pedali hii uliipiga Tinde wiki zote tatu. Tinde ilikuwa inavuma?"

Akajikuna shingo.

"Zamoyoni."

"Tik tik ilikuwepo. Ila mvumo haukuwepo."

"Hata kidogo?"

"Tinde kimya kabisa. Inavuma Katoro tu. Jana nilipoichomeka chumbani kwangu, pale karibu na karasha, ndiyo ikaanza."

"Hilo ndilo neno la kwanza unalomwambia fundi! La kwanza! Ungesema hivyo ulipoingia ningekwambia ni makarasha. Mota zao ziko kwenye laini moja ya umeme na sisi, zinautia uchafu, pedali inaumeza, inausaga. Ningekumalizia kwa dakika tano!"

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. "Dakika tano zisingenitosha."

Nikageuka kwenye rafu, nikashusha betri ya pikipiki, nikaifunga na kile kidude cha kupunguza umeme, volti kumi na mbili zikawa tisa. Nikapima mara mbili. Nikachomoa kila kitu cha ukutani, spika nayo nikaiacha ijitegemee kwa chaji yake. Nikarudisha waya wa gitaa.

"Piga."

Akagusa uzi mmoja, ule wa chini. Makarasha yalikuwa yanaunguruma kule nyuma, pikipiki zinapita, muuza mahindi anaita wateja, lakini ndani ya spika hapakuwa na mvumo hata chembe. Ile sauti moja ikatoka, ikapasuka taratibu, punje zake zikaanza kudondoka huku na huku, nyembamba, nyingi, zinakaribia na kwenda mbali. Akapunguza ukubwa wa punje, akaongeza wingi. Akakanyaga kitufe cha kugandisha, sauti ikabaki juu yetu haiendi popote. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu barua ya posa nilikaa na miguu yangu haikutikisika.

"Nakutaka, Amira," akasema, gitaa mapajani. "Nakwambia kwa mdomo wangu ili usije ukasema hukusikia. Nakutaka unioe... nikuoe. Ona, hata maneno yamenipotea."

"Na mimi nakutaka."

"Rudia."

"Nakutaka, Zamoyoni, na sinyamazi, na mama yako mwambie hivyo hivyo."

Alifumba macho kidogo. Kisha akavuta hewa kwa pua, akauliza, "Hili pilau ni la nini? Mna hitma?"

Jamani. Nilikuwa nimesahau.

"Ni la posa," nikasema. "Yangu. Kuna mtu wa Shinyanga. Wazee wake wanakuja leo, baada ya alasiri. Baba ataniuliza, na kwetu nimeshakwambia, nikinyamaza nimeolewa."

Akasimama, gitaa likagonga meza. "Namwona mzee sasa hivi."

"Thubutu! Umwaibishe mbele ya wageni wake? Hatakupokea mpaka kiama. Hawakuulizi wewe hapa, wananiuliza mimi."

"Utasema?"

Swali jepesi kwa mwingine. Sijawahi kumwambia baba yangu hapana. Nimembishia kuhusu bei za betri, nimembishia kuhusu redio, lakini hapana ya kweli, uso kwa uso, na wageni sebuleni, sijawahi. Dada yangu Zuwena alinyamaza. Binamu zangu wote walinyamaza.

"Sijui," nikamwambia ukweli.

"Amiraaa!" Shangazi aliita kutoka uani. "Nusu saa imekuwa mwaka?" Na adhana ya alasiri ikaanza.

"Nenda kasali," nikamwambia. "Chukua na betri. Nenda, Zamoyoni, nitokee!"

Akaenda. Mlangoni aligeuka, midomo yake ikasema kitu ambacho adhana ilikimeza, akavuka barabara.

Waliniogesha, wakanivalisha dera la zambarau, wakaniketisha kwenye mkeka chumbani. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Shangazi alisimama mlangoni kama askari. Nje ya pazia nilisikia vikombe, nilisikia mzee mmoja anasifu tangawizi, nilisikia jina langu.

Baba akaingia. Kanzu yake nyeupe, kofia ya sherehe. Hakunitazama usoni, na mimi sikumtazama.

"Amira," akasema. "Ndugu zake Ibrahimu wamekuja kwa heshima, wanataka uwe mke wa kijana wao. Wewe ni binti yangu, siwezi kukutoa bila ridhaa yako. Umeridhia?"

Nilitazama mkeka. Ulikuwa na ukili mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, nikaufuata ule mwekundu mpaka unapoishia. Neno lilikuwepo, liko hapa kooni kabisa.

"Hewala!" Shangazi akapiga kofi. "Amenyamaza. Nenda Baba Zuwena, mtoto ameridhia," na akavuta pumzi apige kigelegele.

"Sijanyamaza!" nikasema. Sauti ilitoka mbaya, kama ya jogoo anayejifunza. "Nilikuwa nameza mate."

Kigelegele kikaishia kifuani mwa shangazi.

"Umesemaje?" baba akauliza.

"Simtaki, baba. Ni mtu mzuri, na simtaki. Namtaka Zamoyoni wa Tinde. Mama yake alikuja hapa akaniuliza, nikanyamaza kwa adabu, akaondoka anajua nimemkataa. Karibu nimpoteze kwa adabu zangu. Leo naogopa mpaka meno yananigonga, lakini sinyamazi."

Sebuleni vikombe vilitulia. Shangazi akaziba mdomo kwa khanga. "Wageni wamesikia," akanong'ona. "Yarabi, wamesikia wote."

Nilingoja baba anipayukie. Hakupayuka. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Basi neno limeshatoka," akasema hatimaye. "Nitakwenda kuwaambia. Ni aibu, lakini aibu yake itapita. Na huyo kijana wako wa muziki wa jokofu, mama yake arudi. Akae kwenye kiti, aniulize mimi, asikuulize wewe kwenye beseni."

Machozi yakanitoka bila hodi. Nikataka kumshika miguu, lakini alikuwa ameshageuka, na nikaona hautazami mlango. Anamtazama mama.

"Mama Zuwena."

"Abee."

"Wewe siku ile, marehemu baba yako alipokuja kukuuliza kwa ajili yangu."

"Nilinyamaza," mama akasema.

"Najua. Waliniletea habari msikitini, wakasema amenyamaza. Nilifurahi mpaka nikatoka na viatu vya mtu." Akasita. Sijawahi kumwona baba akitafuta neno. "Ulikuwa umeridhia?"

Mama alikunja pindo la khanga yake, akalikunjua. Miaka thelathini na moja wako pamoja, watoto wanne, na mimi niko katikati yao kwenye mkeka.

"Kawajibu wageni kwanza, Baba Zuwena," akasema. "Kisha uje uniulize vizuri."

Baba akashika pazia, akaliachia. Mzee mmoja alikohoa sebuleni, shangazi akamgusa baba kiwiko, lakini yeye alikuwa bado amesimama pale anamtazama mama.